Oili Chafu ya Bwana Kiboko

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Wewe ndiye mwenye mdomo, sema!*

Pakawa hori. Hori likawa na matope. Matope yakawa na shimo. Shimo likawa na kaa. Kaa akawa na gando. Gando likawa na kazi.

*Kazi gani?*

Basi tulieni. Aliyekalia upindo wa kanga yangu asogee kidogo, niwaambie.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakienda baharini kwa vyombo vyao wenyewe, palikuwa na hori moja ambako maji ya mto yalikutana na maji ya chumvi. Ng'ambo hii ya hori alikaa Bi Kaa. Ng'ambo ile alikaa Bwana Kiboko. Wote wawili walikuwa mafundi wa vyombo. Lakini fundi na fundi hawafanani, kama vile mdomo na mdomo haifanani.

Bi Kaa alikuwa fundi wa kalafati. Mtumbwi ukivuja, anachukua pamba, anaichovya kwenye mafuta, anaishindilia kwenye ufa kwa gando lake kubwa: ko! ko! ko! Na kabla hajaanza kazi, hutandika turubai chini ya chombo. Rangi ikibanduka, inaanguka kwenye turubai. Msumari ukidondoka, unaanguka kwenye turubai. Akimaliza hukunja turubai lake, hulikung'utia ndani ya kopo, hufunika kopo. Wapita njia humcheka.

"Bi Kaa, unafagia bahari?"

"Sifagii bahari, mwanangu. Nafagia mlangoni kwangu."

Bwana Kiboko yeye alikuwa na karakana kubwa, ya boti za mashine. Akibadilisha oili, ile chafu anaimwaga majini: mbwaaa! Akikwangua rangi, maganda anayasukumia majini: shwaaa! Nyavu zikichakaa, chupa zikiisha soda, vyote anavitupa majini: pwaa! Akitaka kuni za kuchemshia lami, anashika shoka anakata mikoko: pa! pa! pa! kwaju! Na wakimwuliza, "Bwana Kiboko, mbona majini?" hujibu kwa sauti ya kutikisa mabati:

"Bahari haijai!"

Ni kweli, bahari haijai. Lakini hori si bahari yote. Hori ni kama bakuli. Ukitemea mate kwenye bakuli la mchuzi, huwezi kusema nyumba ni kubwa.

Wakaanza kuondoka kamba. Kamba hawaagi. Siku moja wapo, siku nyingine hawapo. Wakafuata dagaa, wakafuata changu. Maji yakaanza kumeremeta rangi ya upinde wa mvua, ukayaona mazuri, mpaka ukayanusa. Bi Kaa akitoka shimoni asubuhi, miguu inateleza, macho yamepakwa mafuta, inabidi ayafute kwanza ndipo aone kama kumekucha.

Basi siku hiyo akaja Kima, mvuvi, mteja wake wa tangu zamani. Alikuja na mtumbwi wake, ule ulioandikwa ubavuni *Nipe Nikupe*. Lakini safari hii hakuuleta kutengenezwa. Ndani alikuwa amepakia sufuria, mkeka na jogoo.

"Bi Kaa, nimekuja kukuaga."

"Kuniaga? Mtumbwi wako mbona sijauona siku nyingi? Hauvuji?"

Kima akacheka kwa uchungu. "Dada yangu, mtumbwi usiokwenda kuvua utavuja lini? Natupa wavu, wavu unaleta chupa. Natupa tena, unaleta kiatu. Watoto hawali kiatu. Nahama."

Bi Kaa akageuka. Akatazama banda lake. Nyundo iko ukutani, pamba iko kwenye kikapu, na buibui ameshatanda utando juu ya vyote viwili. Moyo ukamwuma. Alijua Kima akihama leo, kesho atahama mwingine, na yeye atabaki kumtia kalafati nani? Buibui?

"Ngoja," akasema. "Usiondoke kabla hatujamwona Kiboko. Tumchukue na Bibi Kasa, ni mtu mzima, labda atamheshimu."

Bibi Kasa wa watu alikuwa hajiwezi. Alikuwa ameona kitu cheupe kinaelea, akadhani yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini aliye chakula chake, akakimeza. Kumbe mfuko wa plastiki! Akakohoa wiki nzima. Hata hivyo akajikongoja, wakavuka.

Walimkuta Bwana Kiboko amekalia pipa, anakunywa soda. Bibi Kasa alimzidi umri mbali sana, lakini Kiboko hakumwamkia. Alijamba tu, akasema, "Haya, semeni."

Bi Kaa akasema, "Shikamoo, Bwana Kiboko. Tumekuja kwa heshima. Maji yanakufa. Samaki wameondoka. Wavuvi wanaondoka. Tunakuomba, oili yako usiimwage majini."

"Niimwage wapi? Tumboni kwako?"

"Uiweke kwenye pipa, bwana. Na nyavu, na chupa. Hata kwako kazi itapungua. Boti zikikosa samaki, nani atakuletea boti?"

"We kidudu!" Kiboko akanguruma, soda ikamwagika. "Unifundishe kazi, wewe ambaye karakana yako naweza kuivaa kama kofia? Tokeni! Bahari haijai!"

Akanyanyua chupa ile ya soda, akairusha majini. Pwaa!

Wakatoka. Bibi Kasa anakohoa, Kima analia, Bi Kaa anatangulia. Walipofika ufukweni, Kima akaona kipande cha kamba ya katani kwenye matope, kimekatika, kimeoza nusu. Akainama akakiokota afungie mkeka wake.

Nyuma yao kukasikika kishindo. Du! Du! Du! Kiboko huyo!

"Lete hapa! Changu hicho!"

"Bwana," Kima akasema, "si ulikitupa?"

"Nimekitupa, sikumpa mtu!"

Akamnyang'anya. Akarudi nacho, akakiweka juu ya pipa, akakikalia.

Sasa, macho ya kaa yako juu ya vijiti, mnajua. Yakisimama, yamesimama. Macho ya Bi Kaa yalisimama hapo, yakamtazama Kiboko amekalia kile kipande cha kamba iliyooza. Akaanza kutabasamu kidogo kidogo.

"Kaka Kima," akasema, "hebu usihame leo. Niazime dumu lako."

"Dumu la nini?"

"La kuzolea uchafu."

"Uchafu wa nani?"

"Wa mwenyewe anayeukalia."

Kesho yake, jua limepanda, kila mtu anaona, Bi Kaa akavuka na dumu. Akaenda moja kwa moja chini ya karakana ya Kiboko, pale oili chafu inapochuruzika kuingia majini. Akaweka dumu chini ya mchirizi. Akakaa. Akaimba, si kwa sauti kubwa, si kwa sauti ndogo:

*To, to, tone, ingia dumuni,*
*usinipotee, usiende majini.*
*Akija mwenyewe nitasema nini?*
*To, to, tone, ingia dumuni.*

Masikio ya Kiboko ni madogo, lakini yanasikia. Akachungulia.

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

"Shikamoo, bwana. Nazoa uchafu."

"Uchafu gani?"

"Huu wako, bwana."

"Wa nini?"

"Usiende majini, bwana."

Akafunga kifuniko vizuri, akafuta dumu kwa kitambaa, akalibeba mgongoni kama mtoto, akaenda zake. Kiboko akacheka: ho! ho! ho! Lakini alipokwisha kucheka, akabaki anamtazama.

Siku ya pili akaja Bi Kaa na Bibi Kasa. Bi Kaa kwenye mchirizi, Bibi Kasa majini, anavuta nyavu kuukuu, anazikunja, anazipanga. Na wimbo juu: *To, to, tone, ingia dumuni...*

"Nyie! Mnafanya nini?"

"Tunazoa uchafu, bwana."

"Wa nini?"

"Usiende majini, bwana."

Kiboko safari hii hakucheka. Soda ilikuwa mkononi, hakuinywa.

Siku ya tatu wakaja na Kima. Bi Kaa kwenye mchirizi, Bibi Kasa kwenye nyavu, Kima kwenye chupa. Anaokota chupa, anaisuuza, anaitazama kwenye jua kama anayepima almasi, anaitia kwenye gunia. Wote watatu wanaimba.

Kiboko hakuuliza tena. Alikwenda ndani. Akalala chali, usingizi wa mchana ukamkataa. Akageukia huku: "Uchafu haufunikwi." Akageukia kule: "Uchafu haufutwi kwa kitambaa." Akakaa kitako: "Na toka nizaliwe sijasikia uchafu unaimbiwa!"

Akatoka mbio. Du! Du! Du! Kima akaruka mkokoni. Bibi Kasa akazama. Bi Kaa akakimbilia shimo, lakini dumu lilikuwa limejaa, na hakutaka kuliacha limwagike. Akachelewa. Mguu wa Kiboko ukashuka, ukamkandamiza kwenye matope. Krr!

"Sasa," Kiboko akasema, "utaniambia. Hii oili mnaipeleka wapi? Inafanya nini? Sema, au nimalizie uzito."

Jamani, Bi Kaa alikuwa na ganda, lakini ganda nalo lina mwisho wake. Akasikia linalia kama kikombe kinachotaka kupasuka. Wako wanaosimulia kwamba hapo alikuwa bado ana hila akilini. Mimi nasema aliogopa. Mtu aliyekandamizwa hatungi hila. Alisema ukweli wote.

"Bwana, haifanyi kitu! Ni uchafu! Inaua kamba wachanga, inawaziba samaki matamvua wasipumue, inatupofua macho. Ninaizoa isiingie majini, basi. Nimeifungia bandani kwangu, sijui hata niipeleke wapi. Ni uchafu tu, bwana. Niue, lakini ni uchafu!"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwa Kiboko mnakuona kwa nje, masikio yanazunguka, brr, brr.

"Yaani," akasema polepole, "unavuka hori kila siku, unabeba dumu zito kuliko wewe, unahatarisha ganda lako, kwa ajili ya... maji?"

"Ndiyo, bwana."

"Hulipwi?"

"Silipwi, bwana."

"Na sasa unakufa, na bado unasema ni uchafu?"

"Ni uchafu, bwana!"

Basi Kiboko akafungua mdomo, akacheka mpaka mikoko ikatikisika na Kima akaanguka kutoka mtini.

"Ho! ho! ho! Mimi wa kudanganywa na kaa? Hakuna mtu anayefanya kazi ngumu hivyo kwa ajili ya maji! Siri yako kubwa, Kaa, hata kifo hakiitoi. Lakini nimekujua. Oili ni yangu. Nyavu ni zangu. Chupa ni zangu. Toka leo hata tone moja hulipati!"

Akanyanyua mguu. Bi Kaa akajichomoa, akaenda kwake upande upande, na tangu siku ile kila akipita karibu na Kiboko huenda hivyo hivyo, jicho moja mbele, jicho moja nyuma.

Siku hiyo hiyo Kiboko akanunua mapipa. Mchirizi ukazibwa. Kila boti ikibadilishwa oili, ile chafu inaingia pipani, kifuniko juu, na Kiboko juu ya kifuniko. Akatandika maturubai chini ya boti, akisema, "Hata ganda la rangi hawapati!" Akaingia majini mwenyewe, mbizi, akazitoa nyavu zote, chupa zote, viatu vyote alivyovitupa tangu enzi za baba yake. Akabandika kibao: MALI YA KIBOKO.

Halafu akapata wasiwasi mwingine. Ile mikoko aliyoikata imeacha uwazi, na kila apitaye na chombo anaona mapipa. "Wataiba!" akasema. Akaliweka shoka chini. Akaokota mbegu za mikoko, zile ndefu kama kalamu, akazichomeka matopeni, moja moja, ch! ch! ch!, karakana nzima ikazungukwa. Kila asubuhi anazikagua. Mbuzi akionja jani, anafukuzwa mpaka mpakani.

Siku moja Bi Kaa akapita mbali, akaita, "Shikamoo, Bwana Kiboko! Mapipa yako naona yanaanza kuota kutu chini. Yasije yakavuja!" Alisema kwa sababu aliogopa kweli. Kiboko naye akaogopa kweli. Kabla ya jua kuzama alikuwa anachanganya saruji. Akajenga sakafu nzima, yenye ukingo pande zote, na paa la mabati juu. Kiboko mwenyewe analala nje, mapipa yanalala ndani.

Majirani wakaona. Fundi Ngiri, aliyekuwa akitengeneza mashine za boti upande wa juu, akamnong'oneza mkewe, "Kiboko si mjinga. Kama anaifungia, ina kitu." Naye akanunua pipa. Na fundi wa kupaka rangi majahazi akatandika turubai. Haikupita muda, hori zima, kila fundi ana pipa lake lenye kifuniko, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Nayo maji hayana kinyongo. Ukiyaacha, yanajiosha. Maji yakapwa, yakajaa, yakapwa, yakajaa. Upinde wa mvua ukatoka majini ukarudi mbinguni kwake. Mikoko ya Kiboko ikatoa mizizi ya kusimamia, na kati ya mizizi hiyo, asubuhi moja, Bi Kaa aliona kitu kidogo, kama uzi wa kioo, kimeruka: ti! Akafuta macho. Hayakuwa na mafuta. Kikaruka tena: ti! ti! Kamba mchanga!

Alikaa pale matopeni, gando lake kubwa kifuani, akilia na kucheka kwa pamoja.

Baada ya kamba wakaja dagaa. Baada ya dagaa wakaja changu. Kima akateremsha sufuria, mkeka na jogoo. Akatupa wavu, wavu ukaleta samaki. Akatupa tena, ukaleta zaidi, mpaka *Nipe Nikupe* ikainama upande na kuanza kuingiza maji.

"Bi Kaa! Bi Kaa! Unavuja!"

"Alhamdulillahi!" Bi Kaa akapiga kelele, akamfukuza buibui, akashika nyundo. Ko! ko! ko! Toka siku hiyo banda lake halikukosa chombo. Alipata kazi mpaka akawafundisha wenzake, na banda likawa mabanda. Bibi Kasa hakukohoa tena, na yavuyavu aliyemla alikuwa yavuyavu kweli.

Hata kwa Kiboko boti ziliongezeka. Tajiri akawa tajiri zaidi. Lakini usingizi hana. Mchana anazungukia mapipa, jioni anazungukia mapipa, na swali linamla tumboni. Mwishowe akavuka hori, polepole, bila vishindo. Akamwamkia Bibi Kasa kwanza, shikamoo, kisha akainama mlangoni kwa Bi Kaa.

"Bi Kaa, dada yangu. Tumekuwa majirani miaka mingi. Niambie tu. Sitamwambia mtu. Ile oili, inatumika kwa nini?"

Bi Kaa akaweka nyundo chini. Akamhurumia.

"Bwana Kiboko, nilikwambia siku ile. Ni uchafu. Haitumiki kwa kitu. Ikiwa chini ya kifuniko, samaki wanaishi. Ndiyo faida yake yote. Ukikataa hilo, basi, imwage."

Kiboko akashtuka, macho yakamtoka.

"Aaa! Niimwage, ili wewe uchote! Kumbe bado hujaacha!"

Akageuka, akakimbia kurudi kwenye mapipa yake, akalikalia lililo kubwa zaidi. Na kwa sababu ya kukesha, ukimwona Kiboko hata leo anapanua mdomo wake wote juani, aaaaah!, watu husema anatisha. Hatishi. Ni miayo.

Haya, nimefika. Nani anaijua maana ya ngano yangu?

*Tusiwe walafi!*

Hapana. Kiboko asingekuwa mlafi, tungekula nini sisi?

*Tusidanganye!*

Nani aliyedanganya? Bi Kaa hakusema uongo hata mmoja, na ndiyo maana hakuaminiwa.

*Sasa maana yake nini?*

Maana yake ni hii. Kuweni walafi, wanangu. Kuweni wachoyo kabisa. Taka yako ni yako, usimpe jirani, usimpe mto, usimpe bahari. Ikumbatie mpaka ikukoseshe usingizi.

Ngano yangu imepwa, hori limejaa. Nyama yake kuleni nyie. Miba yake itemeni, lakini jamani, si majini!